Maji ya Mayatima wa Ansab

Watu hudhani mzimamoto anauogopa moto. Moto una tabia zake, na mwenye kuzijua huweza kuishi nao. Mimi, kwa miaka yote niliyofundisha kazi hii, nilichokiogopa ni kitu kimoja tu: kumpeleka mtu ndani ya nyumba inayoungua, kisha nigeuke nyuma nikute maji yamekatika. Nyinyi vijana mlioanza kazi juzi, na mipira yenu inayotema maji ukutani mpaka ukuta unalia, hofu hii mtaiona ya kizee. Haya, kaeni nikuelezeni ilikotoka, kisha mnicheke mkitaka.

Kazi nilijifunza Unguja mjini, chini ya bwana mmoja mkali ambaye suali lake lilikuwa moja. "Maji yako wapi?" Alikuuliza kazini, alikuuliza sokoni, na siku ya harusi ya dada yangu alinisogelea nikiwa na sinia ya biriani mkononi akaniuliza sikioni. Ole wako usijue kisima cha karibu kiko wapi. Mara nyingine tukiwa katika mazoezi alikuwa akiukanyaga mpira makusudi, anatazama angani kama mtu anayehesabu kunguru, anasubiri nani atakayegundua kwamba maji yamepungua. Tulimchukia sana. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijajua mwenyeji ana watoto wangapi, nnajua bomba lake liko upande gani.

Baada ya mambo ya mwaka wa sitini na nne, tuliondoka kama walivyoondoka wengi. Nilifika Maskati mwaka uliofuata na mke wangu, mama mkwe wangu Bi Zeyana, na sanduku moja. Bi Zeyana alikuwa mtu wa Ansab kwa asili, kijiji cha karibu na Maskati, ndugu zake walikuwepo bado, wakatupa nyumba ya barasti pembeni mwa mitende. Nyumba ya barasti hamuijui nyinyi: kuta makuti ya mtende, paa makuti ya mtende, na kiangazi kinapoikausha huisikia usiku inajikuna yenyewe. Mimi mtu wa zimamoto nililala humo mwaka mzima nikinusa. Mke wangu akisema nalala kama paka. Kweli nilikuwa nalala kama paka, jicho moja wazi.

Kazi niliipata katika kambi ya kampuni ya mafuta huko pwani, kuitunza pampu yao na kuwafunza watu wao. Pampu nzuri, nyekundu, lakini haikuwa na faida yoyote kwa Ansab, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa ya punda. Hapo Al Khuwair mnapoegesha magari yenu leo na kugombana na askari, palikuwa na miti ya miiba na mbuzi wa watu. Siku moja Azaiba, nyumba za wavuvi zilishika moto upepo ukivuma, safu nzima ikateketea kabla watu hawajapata kugeuka. Wazee wa Ansab waliposikia, wakanijia nyumbani. Wakasema wewe ndiyo kazi yako, tufunzie vijana wetu. Nikakubali, na tangu siku hiyo sikupata tena raha ya Ijumaa.

Wakajitolea vijana na watu wazima wa kutosha kupanga mstari kutoka kwenye falaji mpaka nyumba za mwisho. Falaji, kwa asiyeijua, ni mfereji wa maji yanayotoka mlimani na kupita kijijini kwenda mitendeni. Watu wawili ndio waliokuwa roho ya kikosi. Mmoja ni Khalfan, mtu wa makamo, amekaa Pemba miaka mingi akiuza duka, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Wa pili ni Nassor, kijana mwembamba aliyekuwa akipanda mitende kama anapanda ngazi za nyumba yao. Khalfan nilimweka mwanzo wa mstari, majini, kwa kuwa alikuwa mtu wa makini. Nassor nilimweka mwisho, mlangoni, kwa kuwa hakuwa na khofu. Mwalimu mwenye akili huwaogopea zaidi wasio na khofu, nami Nassor nilimwogopea tangu zoezi la kwanza.

Zoezi la kwanza lenyewe lilikuwa kichekesho. Nilimpeleka Khalfan mwisho wa shamba, nikamwambia aje mbio barazani tulipokaa na wazee, atupe habari kwamba kuna nyumba inaungua. Akaja mbio kweli, jasho linamtiririka. Kufika, akatoa salamu. Wazee wakaitika. Akampa mkono kila mmoja, kuanzia kulia. Wakamuuliza habari za huko atokako, naye akajibu kama ilivyo ada ya watu wa huku, kwamba hakuna habari, ni kheri tupu. Akakaa. Akala tende, akanywa kahawa. Ndipo aliposema, kwa heshima kubwa, kwamba ipo nyumba moja inaungua. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa. Nikawaambia kwa hesabu zangu nyumba hiyo sasa ni majivu, na jirani zake wawili. Wazee wakaniona nawafunza vijana utovu wa adabu. Tukabishana mpaka adhuhuri, mwisho tukapatana: mwenye kuleta habari ya moto apige kelele tangu mbali, kisha moto ukizimwa arudi atoe salamu zake zote, asiache hata moja.

Nikawafunza niliyoyajua. Nyumba iliyokwisha kushika usiimwagie maji, hiyo imekwenda. Rowesha ya jirani. Ukuta wa barasti uvute kwa kulabu uanguke ndani, usiuache uanguke nje. Kanzu ipandishe uifunge kiunoni, maana upindo wa kanzu huuleta moto nyumbani kwako. Anayeingia ndani ajifunike gunia lililorowa, atambae, pumzi ya kheri iko chini. Afungwe kamba kiunoni, na mtu mmoja aishike kamba ile asiiachie hata akiitwa na mama yake. Na mstari wa madebe niliwafanyisha macho wakiwa wamefumba, kwa sababu moshi ukishuka hakuna anayeona debe. Mkono unapokea, mkono unatoa. Mwanzo walimwagiana maji na kutukanana. Baadaye debe likawa linapita kimya.

Shida ilikuwa maji ya falaji ni membamba, debe haliingii likajaa. Nikachonga ubao mpana, na Khalfan nikamfunza kuuteremsha mferejini maji yakusanyike, yapande, ndipo ateke. Ubao ule ulifanya kazi vizuri mno. Niliwauliza kila Ijumaa, "Maji yako wapi?" nao wote wakanionesha ubao. Nikaamini nimemaliza.

Moto wenyewe ulikuja kiangazi cha pili, jua limekwisha kupanda, na upepo wa gharbi unatoka jangwani unaunguza pua. Jirani yetu alikuwa anaoka mkate, cheche ikaruka. Kijana tuliyemweka kuleta habari akapiga kelele tangu mbali, bila salamu, namshukuru Mungu. Nilipofika, nyumba ya jirani ilikuwa imekwenda, na paa la nyumba yangu limeshika upande wa nyuma. Mke wangu alikuwa mferejini akifua. Bi Zeyana alikuwa ndani, na miguu yake ilikuwa haimchukui tangu tulipokuja.

Nilitaka kuingia mwenyewe. Nassor akanishika bega, akasema mimi ni mzito na kamba ataishika nani anayejua kuishika. Alisema kweli. Nikamfunga kamba, nikamfunika gunia, nikatazama nyuma. Mstari ulikuwa mzuri kuliko siku yoyote ya mazoezi. Madebe yanakuja yamejaa, watu wawili wanaumwagia mlango maji bila kusita. Nikasema ingia. Akatambaa akapotea moshini.

Sasa niwaambieni kitu kuhusu falaji ambacho watu wa Ansab walikuwa wanakijua tangu kuzaliwa, nami mgeni sikupata kukiuliza. Maji yale kila mtu huyanywa na huyafulia bila ruhusa. Lakini kuyashika mitende ya mtu isinywe, hilo halimo. Kila mkondo una mwenyewe kwa zamu yake, na zamu hupimwa kwa kivuli cha mti uliosimamishwa uwanjani. Mazoezini, bila mimi kujua, Khalfan alikuwa akiuteremsha ubao katika zamu ya kaka yake tu. Mzee mmoja alikuwa na kazi hiyo, Mzee Hamed, na kazi aliifanya asiangalie kulia wala kushoto. Wakati mstari wetu unakwenda, zamu ilikuwa ya kaka yake Khalfan, mwenyewe yumo mstarini anapokea madebe. Kivuli kikafika kwenye alama. Mzee Hamed, moto ule mbele yake, akapaza sauti kama alivyopaza kila siku ya maisha yake, kwamba maji sasa ni ya mayatima wa Salim.

Salim alikuwa amekufa miezi miwili tu nyuma, amewaacha watoto wadogo watatu na fungu lao la maji. Mwaka ule ulikuwa wa ukame, na zamu yao ikipita bila kunywesha, mitende yao ingengoja zamu nyingine katika joto lile. Na kila aliyepita chuo cha Kurani anajua alichoonywa mwenye kugusa mali ya yatima, kwamba ni moto anautia tumboni mwake. Khalfan akauinua ubao, maji yakaenda zake mitendeni. Sikumwona, nilikuwa nimewapa mgongo. Niliona debe lililokuja lina maji nusu, la pili lina tope, la tatu tupu. Walionisaidia mlangoni wakasimama na mikono yao wazi.

Nikapiga kelele, "Maji yako wapi?" Mlango ukakauka mbele ya macho yangu, makuti yakaanza kulia. Nilikuwa na kamba mkononi, na kamba imekaza, ina maana Nassor amefika chumba cha ndani. Kuiachia siwezi, kwenda majini siwezi. Vijana, nimezeeka, nimezika watu wengi, lakini hofu ya pale sijaipata tena.

Khalfan alinijibu kutoka mwanzo wa mstari, sauti yake imekatika. "Suleiman, zamu imeingia ya mayatima. N'tafanyaje mie?"

Nikamwambia aurudishe ubao, dhambi nimebeba mimi. Akanijibu kwamba mimi si wa kuibeba. Na hakusema kwa ubishi. Mtu yule alikuwa analia, ubao ameukumbatia kifuani, na mstari mzima umesimama nyuma yake, watu ambao wangeingia motoni wenyewe kama ningewaambia. Wasii wa watoto, ami yao, alikuwa amekwenda Matrah na punda wake. Hakuwepo wa kuulizwa.

Nyumba ya Salim ilikuwa ng'ambo ya mfereji. Mjane wake, Bi Rayya, mzaliwa wa Wete, alikuwa ndani ya eda. Mwanamke wa eda hatoki, na mwanamume wa kando hamwoni. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta wa makuti. Mlango wake ukafunguka akatoka, amejitanda kuanzia kichwani mpaka chini, mchana kweupe mbele ya wanaume wa Ansab wote. Akapita moja kwa moja mpaka kwa Khalfan, akauchukua ubao mikononi mwake, akaingia mferejini, akauteremsha.

"Mie mama yao," akasema. "Dhima yake yangu. Tekeni."

Mstari mzima ukageuza nyuso upande wa pili kwa heshima yake. Khalfan akateka akiwa ametazama mitende, na mwenziwe akapokea akiwa ametazama mitende, na hivyo hivyo mpaka kwangu. Madebe yakaja yamejaa. Mlango ukapoa. Kamba ikavutwa kutoka ndani, nami nikavuta kwa nguvu zangu zote, akatoka Nassor amembeba Bi Zeyana mgongoni chini ya gunia lililorowa, na nyuma yao paa likashuka.

Bi Zeyana alikuwa mzima, nywele zimemuungua kidogo, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama bakora yake imetolewa. Nassor alikuwa ameishika nguzo ya mlango wa ndani, iliyoshika moto, kwa mikono miwili ili isiwaangukie, muda wote ule maji yalipokatika. Tukamchukua kambini kwa daktari wa kampuni, juu ya punda kwanza kisha kwenye gari. Aliishi. Mikono yake ilipona kwa ngozi, lakini vidole vikajikunja.

Yaliyofuata yalikuwa mazito kuliko moto. Tulimwendea sheikh, naye akasema roho ya mtu mbele, hakuna dhambi kwa aliyeteka wala kwa aliyeruhusu, na anayemsema Bi Rayya kwa kutoka edani aje amseme mbele yake. Midomo ikafungwa. Kisha akatuuliza kwa nini hatukumuuliza suali lile la maji ya watu tulipokuwa tunajifunza kurusha madebe. Tangu hapo, kila kikosi nilichokifunza, kabla sijampa mtu debe, nilikuwa nawakalisha wenye maji wote barazani, pamoja na sheikh wao, yasemwe yote kwa sauti: haya ya fulani, haya ya msikiti, haya ya mayatima, yote halali siku ya moto. Vijana waliona napoteza wakati. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Mikono ya watu nilikuwa nimeifunza, nafsi zao hakuna aliyeziuliza, na siku ya moto mtu huenda na nafsi yake yote.

Watu wa mstari walirudisha maji. Kila mmoja alitoa katika zamu yake, wakaimwagilia mitende ya Salim mpaka Bi Rayya akamtuma mke wangu aje awaambie basi, mnataka kuiozesha. Lakini Khalfan hakutulia. Alikuwa amekonda, anapita kwa Nassor asubuhi na jioni, anamlisha kwa mkono wake. Mwisho alimwomba Bi Rayya, kwa kupitia mke wangu, atusamehe kwa yale tuliyoyachukua. Jibu lililorudi nalikumbuka neno kwa neno. "Dhima nimeibeba mie, lakini maji hayakuwa yangu. Kusamehe si kwangu. Wasubirini wenyewe wakue."

Basi tukasubiri. Mnacheka, lakini jaribuni nyinyi kumsubiri mtoto akue ili mpate usingizi. Mkubwa wao alikuwa msichana, Shamsa. Nilikuwa nikimwona akipita na debe la maji kichwani, najikuta nampima kwa macho kama mtu anayengojea mnazi uzae. Akiugua homa, kikosi kizima kinaugua. Khalfan alisimamisha kazi zake siku Shamsa alipoumwa na nge, akakaa nje ya mlango wao mpaka jua likazama. Tuliendelea na mazoezi kila Ijumaa, Nassor akiwa yeye sasa ndiye anayefunza, kwa maneno na kwa kiwiko. Hakupata kumlaumu mtu mbele yangu. Hilo lilimwumiza Khalfan kuliko lawama.

Mwaka wa sabini, mwaka alioingia Sultani mpya na kila mtu nchini akawa na la kuzungumza, sisi wa Ansab tulikuwa na letu. Shamsa alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, na ami yake akamkabidhi fungu lake la mitende na la maji. Siku ya tatu yake akatuita. Tukaenda wote tuliokuwa mstarini, tumekoga na kuvaa kama wa Idi, tukakaa barazani kwao, na yeye akakaa ndani nyuma ya pazia. Mimi nimesimama mbele ya mamudiri na mawaziri maishani mwangu. Pale nilikaa nikiinyoosha kanzu yangu kama kijana aliyekuja kuposa.

Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Fungu langu katika maji ya siku ile nimekuhalalishieni. Wadogo zangu watasema wenyewe wakifika."

Tukaitikia tukamwombea baba yake. Tukadhani imekwisha, mmoja akaanza kuinuka.

"Lakini nna suali," akasema. "Mtu alikuwamo motoni, na maji yako miguuni mwenu. Mlikuwa mkimuogopa nani?"

Sheikh alikuwepo na angeweza kujibu vizuri kuliko sisi. Aliyejibu ni Khalfan.

"Tulikuwa tukikuogopa wewe, mwanangu."

Tukamsikia nyuma ya pazia analia, na mama yake anamwambia neno kwa sauti ya chini. Tukaaga tukatoka. Nje upepo ulikuwa mkali, ukamfungua Nassor kilemba kikamwangukia mabegani, naye akasimama akakitazama tu, vidole vyake haviwezi. Khalfan akaenda mbele yake, akakikusanya, akamfunga upya taratibu, na Nassor akainamisha kichwa ili amfikie.